Silikanti darasani Kigombe: video inafundisha lini, na inafikaje shuleni?

Ukitoka Tanga mjini kwenda Pangani kwa barabara ya pwani, njiani unapita Kigombe, wilaya ya Muheza. Ni kijiji cha wavuvi, na mashamba ya mkonge yako jirani. Bahari ya upande huu imo ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 2009, inayoanzia Tanga hadi Pangani, na hifadhi hiyo imepewa jina la samaki mmoja tu: silikanti.

Samaki huyu ana historia yake. Wanasayansi walikuwa wakimjua kwa mabaki ya mawe, wakaamini ametoweka pamoja na dinosaria, kama miaka milioni 66 iliyopita. Mwaka 1938 akavuliwa mmoja Afrika Kusini. Kwetu Tanga, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wavuvi wamewahi kuwanasa wengi kwenye majarife yanayotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa.

Sasa mfikirie mtoto wa darasa la sita pale Kigombe. Inawezekana kabisa mjomba wake amewahi kumshika silikanti kwa mikono yake. Lakini alimshika akiwa amekufa au anakata roho. Hakuna mvuvi anayeweza kumwona akiogelea kwake, maana anaishi mita zaidi ya mia moja chini, na mchana anajificha mapangoni. Hata wanasayansi walisubiri mpaka mwaka 1987, pale Mjerumani Hans Fricke na wenzake waliposhuka na nyambizi ndogo katika bahari ya Komoro na kumpiga picha za video akiwa hai nyumbani kwake.

Kwa hiyo kuna jambo ambalo mwalimu hawezi kulionyesha kwa chaki, wala kwa mchoro wa kitabuni, wala kwa kuwapeleka wanafunzi ufukweni. Video inaliweza. Na kuna mengine ya namna hiyo: moyo unavyosukuma damu, mbegu inavyoota ndani ya siku kumi, mwezi unavyopatwa.

Ila shule nyingi zikifika hapa huanza ubishi. Kamati ina michango kidogo. Mmoja anasema inunuliwe runinga. Mwingine anasema tutalipaje bando kila mwezi. Wa tatu anasema watoto watageuza darasa kuwa sinema. Wote watatu wana hoja. Tuzichukue moja moja, tuanze na hiyo ya bando, kwa sababu ina majibu ya hesabu.

Njia tatu za video kufika darasani

Njia ya kwanza ni matangazo ya runinga. Mnara unarusha mawimbi, na kila mwenye king'amuzi aliye ndani ya eneo hilo anayapokea. Uzuri wake ni huu: watazamaji wakiwa 10 au 10,000, mnara unatumia umeme uleule na masafa yaleyale. Hakuna mtazamaji anayemmalizia mwenzake. Ndiyo maana shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, vipindi vya masomo vilipelekwa runingani na redioni.

Udhaifu wake uko kwenye saa. Kipindi kikirushwa saa tisa alasiri, na wewe somo lako la sayansi ni saa nne asubuhi, imekula kwako. Umeme ukikatika dakika ya tatu, kipindi kinaendelea bila nyinyi. Na mwanafunzi akinyoosha mkono kuuliza swali, mtangazaji hamsikii.

Njia ya pili ni kutazama moja kwa moja mtandaoni. Hapa saa ni yako na unaweza kusimamisha. Lakini angalia gharama. Video ya ubora wa wastani, inayotosha kuonekana vizuri kwenye skrini ndogo, hubeba takriban megabiti 1 kwa sekunde. Video ya dakika 6 ina sekunde 360, kwa hiyo ni megabiti 360. Biti 8 ni baiti 1, basi gawanya kwa 8: unapata MB 45.

MB 45 si nyingi. Lakini tuseme darasa lina wanafunzi 60 na kuna vishikwambi 20, watoto watatu kwa kimoja. Kila kishikwambi kikiivuta video hiyo chenyewe mtandaoni, jumla ni MB 900 kwa dakika sita za somo moja. Tena si MB tu: wote wakitazama kwa wakati mmoja, mtandao lazima upitishe megabiti 20 kila sekunde bila kuyumba. Mkiwa mbali na mnara wa simu, ndipo mnapoona kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, na darasa zima linapiga kelele.

Njia ya tatu ni kuipakua video mara moja na kuihifadhi. Mwalimu anaivuta usiku, au akiwa mjini penye mtandao mzuri, anaiweka kwenye flashi au memori kadi, asubuhi anaichomeka. MB 45 zinalipiwa mara moja, na mwakani darasa lingine litaitazama bila kulipa hata senti. Memori kadi ya GB 32 inabeba karibu video 700 za urefu huo. Hizo ni saa 70 hivi za kutazama, kuliko ambavyo mwalimu yeyote ataweza kutumia katika somo lake mwaka mzima.

Njia hii ya tatu ina ndugu yake mkubwa. Unaweza kuwa na kompyuta ndogo yenye maktaba nzima ndani yake, ikarusha Wi-Fi ya humohumo darasani, na vishikwambi vyote vikasoma kutoka kwake bila intaneti kabisa. Programu ya Kolibri imetengenezwa kwa kazi hiyo, na inatolewa bure. Mtu akikuambia "hapa kijijini hakuna mtandao, kwa hiyo video haziwezekani," mjibu kwamba Wi-Fi na intaneti ni vitu viwili. Wi-Fi ni njia ya kutoka chumba hadi chumba. Intaneti ni barabara ya kwenda ulimwenguni. Unaweza kuwa na ya kwanza bila ya pili.

Tahadhari moja: si kila video ya mtandaoni imeruhusiwa kupakuliwa na kugawiwa. Tafuta zile zenye leseni huria, ambazo mwenyewe ameandika kwamba zinaweza kunakiliwa kwa matumizi ya elimu.

Mkoa huu ulishawahi kuwa maabara

Wengi wetu hatujui, lakini moja ya majaribio makubwa duniani ya kufundisha watoto kwa skrini lilifanyika hapahapa mkoa wa Tanga. Ni shindano la Global Learning XPRIZE. Kuanzia mwisho wa mwaka 2017, kwa miezi 15, watoto karibu 3,000 wa vijiji takriban 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali yetu walishiriki kulisimamia. Mei 2019 wakatangazwa washindi wawili, Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni 10.

Kitu cha kuangalia ni jinsi walivyolitatua lile tatizo la bando: hawakulitegemea. Masomo yalikuwa ndani ya kishikwambi tayari. Vijijini viliwekwa vituo vya kuchajia kwa sola. Yaani walichagua ile njia yetu ya tatu.

Na matokeo? Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Kwa watoto ambao wengi wao hawakuwahi kukaa darasani, hiyo ni hatua kubwa sana. Lakini isome tena kwa upande wa pili: karibu nusu yao bado hawakuweza kusoma neno. Kifaa kilikuwepo, masomo yalikuwepo, sola ilikuwepo. Mwalimu wa kukaa nao kila siku ndiye hakuwepo, kwa sababu shindano lilipangwa hivyo makusudi, kupima mtoto anaweza kufika wapi bila mwalimu.

Kwa hiyo swali la shule yenye mwalimu ni tofauti. Mwalimu huyo afanye nini na skrini?

Kutazama si kujifunza

Hapa turudi kwa yule mjumbe aliyesema darasa litageuka sinema. Hajakosea. Kuna hatari ya kweli, na inatokana na jinsi kumbukumbu yetu inavyofanya kazi.

Sehemu ya akili inayoshikilia mambo ya sasa hivi ni ndogo. Inabeba vitu vichache tu kwa wakati mmoja, takriban vinne kwa makadirio yanayotumiwa sana. Video haikusubiri. Picha ya kwanza bado hujaielewa, ya pili imeshaingia. Mwanafunzi anaendelea kutazama, macho yako kwenye skrini, anafurahi, lakini vitu vinamwagika kama maji kwenye ndoo iliyojaa. Dawa yake ni rahisi: ikate video vipande vifupi, simamisha, acha watoto wameze, ndipo uendelee.

La pili ni gumu zaidi kuliamini. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi makala fupi ya kusoma. Kundi moja likaisoma mara ya pili. Kundi jingine, badala ya kuisoma tena, likaandika kila linachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walishinda: walikumbuka asilimia 81, wenzao 75. Ungeishia hapo ungesema kurudia ndiyo njia. Lakini baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliosoma mara mbili walibaki na asilimia 42, na wale waliojipima walikuwa na asilimia 56.

Hiyo ilikuwa makala ya kusoma, lakini funzo lake linahamia kwenye video vizuri. Mwalimu anayerudia kuonyesha video mara ya pili, watoto wakatoka wakisema "tumeelewa," anaweza kuwa amedanganywa na ile dakika ya tano. Anayezima skrini na kuwaambia "haya, chukueni daftari, andikeni mlichoona," anajenga kumbukumbu ya wiki ijayo.

Watengenezaji wazuri wa vipindi wanalijua hili. Chukua Ubongo Kids, katuni ya hisabati na sayansi inayotengenezwa Dar es Salaam, iliyoanza kuonyeshwa TBC1 Januari 2014. Tangu mwanzo iliwauliza watoto maswali ndani ya kipindi, na wakaweza kujibu kwa ujumbe mfupi kutoka simu ya kawaida, hata kitochi. Wale watayarishaji walikuwa wanajaribu kuipa runinga kile inachokosa, yaani sikio. Ndugu yake mdogo, Akili and Me, kilipimwa Morogoro kwa watoto zaidi ya 500 wa umri wa karibu miaka mitano. Baadhi walionyeshwa kipindi hicho, wengine vipindi tofauti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba waliotazama Akili and Me walisonga mbele zaidi katika mambo kama kutambua namba, kuhesabu na kujua maumbo.

Kwa mbali zaidi, Mexico imekuwa na shule za Telesecundaria tangu 1968, kwa ajili ya vijiji visivyoweza kupata mwalimu wa kila somo. Mpangilio wao wa asili ulikuwa kipindi cha runinga cha dakika 15 hivi, halafu muda mrefu zaidi, dakika 35 hivi, wa kitabu, mazoezi na mwalimu aliyepo darasani. Runinga ilichukua sehemu ndogo ya somo. Na mfumo huo bado uko hai.

Kipindi kimoja cha dakika 40

Tufanye kwa vitendo, na silikanti wetu. Una video ya dakika 6, una kipindi cha dakika 40.

*Dakika 8 za mwanzo, skrini imezimwa.* Mwambie aliyewahi kumwona silikanti, au kusikia habari zake kwa wavuvi, aeleze. Kisha chora mapezi yake ubaoni. Yana shina lenye nyama na mifupa, karibu kama mguu. Uliza: "Mnadhani anayatumia kutembea chini baharini?" Kila mtoto aandike ndiyo au hapana, na sababu. Usiwape jibu.

*Dakika 10, video kwa vipande.* Onyesha dakika mbili, simamisha. "Pezi la kushoto mbele likienda, la kulia nyuma linafanya nini?" Onyesha tena mbili, simamisha. Watoto wataona kwamba mapezi yanapokezana kama miguu ya mbuzi anavyotembea. Na wataona pia kwamba samaki hagusi chini. Anaelea. Wataona hata anavyosimama kichwa chini mkia juu.

Hapa kuna sayansi ya kweli, si burudani. Wataalamu wakubwa kabla ya 1987 walidhani silikanti anatambaa sakafuni mwa bahari kwa mapezi yale. Video ya Fricke ndiyo iliyowasahihisha. Mtoto aliyeandika "ndiyo" alikosea pamoja na maprofesa, na amesahihishwa kwa ushahidi uleule uliowasahihisha wao.

*Dakika 15, skrini imezimwa tena.* Bila kuangalia, waandike mambo matatu waliyoyaona na moja lililowashangaza. Walinganishe wawili wawili. Ndipo mwalimu afafanue.

*Dakika 7 za mwisho,* swali la kupeleka nyumbani: "Kwa nini silikanti anayenaswa na jarife mara nyingi hafiki pwani akiwa hai?" Kwa mtoto wa Kigombe, mtu wa kumuuliza yuko barazani kwao.

Wiki inayofuata, kabla ya somo jipya, dakika 5 za kukumbuka. Bila video.

Hesabu mwenyewe: dakika 40, na skrini imewaka robo tu ya muda huo.

Kabla kamati haijatoa pesa

Mambo manne ya kupima, maana ndiyo yanayoua miradi hii.

*Ukubwa wa skrini.* Kanuni ya zamani ya mafundi wa picha ni kwamba anayekaa nyuma kabisa asizidi mara sita ya upana wa skrini. Runinga ya inchi 32 ina upana wa sentimeta 71 hivi, kwa hiyo mwisho ni mita 4 na kidogo. Darasa la kawaida ni refu kuliko hapo. Ama ligawe darasa makundi mawili, ama wasogeze karibu wakae chini, ama nunua kubwa zaidi. Usiwaache wa nyuma watazame migongo ya wenzao.

*Umeme.* Betri ya sola ya volti 12 na Ah 100 inabeba wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya asidi, usiitumie zaidi ya nusu, la sivyo inakufa mapema. Unabaki na 600. Runinga ya LED inayokula wati 40 itawaka saa 15. Projekta ya wati 250 itawaka chini ya saa mbili na nusu. Inveta nayo inakula chake, kwa hiyo punguza kidogo kote. Duka la projekta halitakwambia hili.

*Sauti.* Watoto 60 chini ya bati, mvua ya masika ikinyesha, na spika ndogo ya runinga: hakuna atakayesikia. Spika ya nje ni muhimu kuliko inchi za ziada.

*Lugha.* Video nyingi nzuri za sayansi ni za Kiingereza, na shule ya msingi inafundisha kwa Kiswahili. Lipo suluhisho la bure: zima sauti ya video, mwalimu aeleze mwenyewe. Kwa hiyo aitazame kwanza nyumbani, mara mbili. Video ya silikanti haihitaji Kiingereza chochote, na mwalimu anayesema "mwangalieni pezi hilo, hilo la nyuma" anafundisha vizuri kuliko msimulizi wa mbali.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa kamati: yule aliyesema runinga ana hoja, ilimradi muanze na skrini moja, spika moja na memori kadi iliyojazwa kwa uangalifu, kabla ya kufikiria intaneti ya mwezi. Yule wa bando amejibiwa na hesabu. Na yule aliyeogopa sinema asinyamazishwe. Mpeni kazi ya kukaa nyuma ya darasa na saa mkononi, ahesabu dakika ambazo skrini imezimwa na watoto wanaandika. Zikipungua kuliko zile za kutazama, aseme.